Nilimnyima Rafiki Yangu Sauti ya Mama Yake

Msimamizi wa ukurasa, jina langu lifiche. La mwenzangu nimelibadilisha. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mzaliwa wa Malindi, napokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno hapa Oud Metha, Dubai. Nimesoma visa vingi humu nikawahukumu wenyewe. Leo nihukumuni mimi.

Rehema ni wa Tanga. Tunaishi chumba kimoja mtaa wa Naif mwaka wa tano huu, kitanda changu juu, chake chini. Nilipofanyiwa upasuaji, yeye ndiye aliyenifulia hadi nguo za ndani. Miaka miwili iliyopita likizo zetu ziliangukia pamoja, tukaamua kwenda nchi ya Georgia kuona milima yenye theluji. Mimi theluji nilikuwa naijua kwenye televisheni tu. Mama yake alikuwa na presha, lakini siku tunaondoka alimwambia, "Nenda mwanangu, ukapumzike."

Tulikodi gari, Rehema akashika usukani. Laini ya simu ya kule nilinunua mimi peke yangu. Yeye alisema amechoka kuitwaitwa na mabosi, akampa kaka yake namba yangu kwa lolote la dharura.

Siku ya pili tulisimama kwenye maporomoko ya maji kando ya barabara. Rehema akateremka mpaka chini, viatu mkononi, anapiga mayowe jinsi maji yalivyo baridi. Mimi nilibaki garini. Simu ikaita, kaka yake.

"Dada, nipe Rehema. Mama amezidiwa, tuko hospitali. Anamtaja yeye tu, anataka kumsikia."

Nilimtazama Rehema kule chini anacheka. Nikajibu, "Ameteremka kidogo. Akirudi nitamwambia."

Alirudi ametota. Nikamwambia, "Yalla, twende." Basi, hayo tu. Nilijiambia barabara ya mbele ina utelezi na makorongo, nikimpa habari atatutumbukiza. Nikajiambia wagonjwa huzidiwa wakapata nafuu. Lakini ukweli wenyewe ni kwamba nilijua nikimwambia tutageuza gari palepale, na ile theluji nilikuwa naiona mlimani kwa macho yangu, haifiki hata mwendo wa saa moja. Kaka yake akaandika, "Umemwambia?" Nikamjibu, "Nimemwambia. Atapiga akipata nafasi." Kisha nikazima simu.

Huko juu tulicheza kama watoto. Rehema aliandika jina la mama yake kwenye theluji kwa kidole. Nilisimama pembeni yake, na bado sikusema.

Asubuhi nilipowasha simu, nilikuta ujumbe wa kaka yake: mama amefariki alfajiri. Nikampa Rehema habari kana kwamba ndiyo kwanza imeingia. Alianguka mikononi mwangu, akanishukuru kwa kuwa naye. Mama alizikwa alasiri ileile. Rehema alifika Tanga siku ya tatu.

Tangu hapo kaka yake hazungumzi naye, hata simu yake hapokei. Ukoo mzima unaamini mama mahututi alimwita, naye akaona bora matembezi. Rehema hulia: "Shoga, eti nilipata habari nikapuuza. Nani kamwambia kaka maneno hayo?" Nami humpapasa mgongo, namwambia ni uchungu wa msiba, utapita. Haujapita.

Sasa wazee wa ukoo wamewaita yeye na kaka yake mwezi ujao wawasuluhishe. Rehema amefurahi mno. "Wewe ndiye shahidi wangu," ananiambia. "Twende wote, uwaambie sikujua." Nimemjibu inshallah.

Nikienda, kaka yake atasoma mbele ya watu ujumbe niliomwandikia. Nisipoenda, Rehema ataonekana mwongo mbele ya ndugu zake, na yeye hajawahi kunidanganya hata kwa mzaha. Na nikimwambia mwenyewe kabla ya safari, sijui atanitazamaje, wala kama tutaweza tena kulala chumba kimoja.

Hivi ninavyoandika yuko jikoni, ametupikia wote wawili, ananiita chakula kitapoa. Mliowahi kubeba mzigo kama huu, nielekezeni kwa hisani yenu. Nikiketi naye sasa hivi, neno la kwanza nimwambie lipi?