Mama Mkwe Alilala Katika Kila Gari

Kama kuna kitu kilichonichosha katika miaka ya wakimbizi, si vumbi la malori wala bei ya sabuni. Ni kutafuta gari kuukuu nikiwa na mume wangu, dalali na mama mkwe, kila mmoja na gari lake kichwani, na fedha ni zangu.

Fedha zilitokana na ndizi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na sisi wa Kanazi tulipona kweli. Kambi zilipojaa kule Kasulo, mikungu iliyokuwa ikituozea shambani ikawa mali. Nilianza kuipeleka kwa baiskeli za kukodi, baadaye nikawa naomba nafasi kwenye malori ya watu, na wenye malori wakawa wanaila faida yangu bila hata kunawa. Nikasema basi, nanunua gari. Liwe bovu, liwe na kutu, mradi liwake.

Hilo la kuwaka lilikuwa na sababu nyingine, nayo tuliijua mimi na mume wangu tu. Nilikuwa na mimba. Ya kwanza niliipoteza mwaka uliotangulia, na haikuwa kwa ugonjwa. Kwetu mgonjwa hubebwa kwa ingobyi, machela ya kusukwa ambayo wanaume wa kilima chetu huibeba mabegani kwa kupokezana mpaka hospitali. Siku uchungu uliponishika, wanaume hawakuwepo. Vijana wote walikuwa kambini wakilinda maghala na kupakua magunia kwa mshahara. Uani walijaa wanawake wenye nguvu zao, lakini mwanamke habebi ingobyi. Ni mwiko, na hakuna aliyethubutu kuugusa. Tulisubiri mpaka jua likainama ndipo walipopatikana wanaume wanne, wawili wao wazee. Mimi ni mrefu, namzidi mume wangu kichwa kizima, na ingobyi ile haikunitosha. Miguu ilining'inia nje, na mama mkwe alitembea nyuma yangu njia nzima ameishika ili isigonge vichaka. Mtoto alitoka hapumui.

Kwa hiyo nilitaka gari linalowaka. Sikuona kuna ugumu gani wa kunielewa.

Dalali wetu alikuwa Msukuma mmoja aliyefuata biashara za kambi, mtu wa maneno matamu. Kwake kila gari lilikuwa la padri. Padri hakimbizi gari, padri habebi mizigo, padri humwaga oili kila mwezi. Nilianza kujiuliza Kagera nzima ina mapadri wangapi, na kwa nini wote wameamua kutembea kwa miguu.

Gari la kwanza tuliliona Ngara mjini, gari dogo jekundu. Mume wangu, ambaye ni mwalimu na hajawahi kuendesha hata toroli, alipiga mateke matairi, akafungua boneti akachungulia kama anayetazama ndani ya kisima. Mama mkwe aliitikia shikamoo ya mwenye gari, akavua kandambili zake akazipanga chini, akafungua mlango wa nyuma, akalala kwenye kiti. Akakunja magoti, akafumba macho. Mwenye gari aliniuliza kwa kunong'ona kama mama ni mgonjwa. Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Mama akainuka, akavaa kandambili, akasema hapana.

Nilimuuliza mume wangu njiani mama yake anatafuta nini. Akanijibu kwamba mzazi hawezi kuachwa nyumbani jambo kubwa kama hili linapofanyika. Sawa, nikasema, lakini mzazi aketi kwenye gari kama watu wengine.

La pili lilikuwa Kasulo, stesheni wagoni ya kijivu, na hilo nililipenda. Niliomba ufunguo mwenyewe. Nikawasha, likaitika. Nikazima, nikawasha tena, likaitika vilevile bila kikohozi. Mume wangu aligundua redio ya kaseti na kuanzia hapo akawa hasikii la mtu. Wakati huo mama mkwe alikuwa ameshakunja viti vya nyuma na kujilaza. Alilala amenyooka vizuri, kwa maana ni mama mfupi, kisha akaweka kikapu chake mbele ya nyayo zake na kuagiza mlango ufungwe. Mlango ukagoma kwa sababu ya kikapu. Dalali akakitoa, mama akakirudisha. Dalali akamweleza kwa adabu zote kwamba hili ni gari, si kitanda. Mama akasema ni fupi.

Nilirudi nyumbani damu inanichemka. Nilimwambia mume wangu kwamba mama yake anajipimia jeneza, na Mungu anisamehe, nilimaanisha.

Lile la tatu nilikwenda kuliona kwa hasira tu, ili nithibitishe kwamba la Kasulo ndilo. Lilikuwa Nemba, safari ya siku nzima juu ya lori. Ilikuwa pikapu ndefu ya mkulima mmoja aliyehamia kutoka Shinyanga, imesimama chini ya mwembe, kuku wamelala nyuma. Huyu mzee angalau alikuwa mkweli. Alituambia pale pale kwamba stata ilikufa zamani na gari haliwaki bila kusukumwa. Dalali akadakia kwamba stata ni mambo ya mjini, hata padri alikuwa akisukumwa na waumini wake. Nilimtazama mpaka akaanza kukuna kidevu.

Mama mkwe alifukuza kuku, akatandika kanga, akalala. Akaweka kikapu mbele ya nyayo. Mlango wa bodi la nyuma ukafungwa, ukashika. Alikaa pale muda mrefu anatazama matawi ya mwembe, halafu akasema ni hili.

Hapo maji yalizidi unga. Mbele ya mwenye gari, mbele ya dalali, mimi mkamwana nikampandishia mama mkwe sauti.

"Mama, lile la Kasulo linakutosha kabisa. Tena linawaka. Unataka nini zaidi?"

Aliketi, akaanza kuondoa manyoya ya kuku kwenye kanga yake, moja moja.

"Mimi linanitosha," akasema. "Wewe halikutoshi."

Nilikuwa nimejifunga vitenge viwili na sweta, na nilidhani nimeficha vizuri. Mume wangu alishika tairi ambalo alikuwa ameshalipiga teke. Nilisikia aibu, nikasikia kitu kingine ambacho sikukipa nafasi, maana hoja yangu ilikuwa bado imesimama.

"Na uchungu ukinishika, mama, nani atalisukuma? Wanaume si wako kambini?"

"Sisi," akasema. "Tulichokatazwa ni ingobyi. Gari hakuna aliyetukataza."

Tukanunua pikapu. Nalisema bila kuficha, nililichukia gari lile. Lilinidhalilisha sokoni, nikiwalipa wakimbizi ndizi mbivu wanisukume huku wateja wangu wakicheka. Mume wangu alijifunza kuliendesha, na kila likigoma alikumbuka kwa sauti redio ya Kasulo. Kuku wa kwetu nao wakalipenda, sijui waliambiwa na nani.

Uchungu ulinishika asubuhi ya mvua. Mume wangu alikuwa ameagizwa siku zote aliegeshe likitazama mteremko, na siku hiyo, kwa akili zake, alikuwa ameliegesha mahali tambarare. Mama mkwe hakutuma mtu kutafuta wanaume. Alisimama uani akaita, na wanawake wakatoka migombani na matope yao miguuni. Wakanilaza nyuma juu ya godoro, wakafunga bodi, wakajifunga kanga viunoni na kuweka mabega. Walisukuma huku wanamtukana mume wangu aliyeshika usukani, na mimi nikawasaidia kumtukana kila maumivu yalipoachia. Gari liliteleza, likasimama, likateleza tena, kisha likanguruma.

Binti yangu alizaliwa hospitalini analia kwa hasira, na watu wanasema amenirithi. Lakini mimi nakumbuka zaidi pale barabarani, gari likishika mwendo. Mama mkwe alirukia nyuma ameloa chapachapa, akajisogeza mpaka mwisho wa godoro, akanyoosha mikono nje ya bodi kutafuta miguu yangu. Haikuwepo nje. Ilikuwa ndani, yote miwili, karibu na kikapu.