Madumu Kumi na Moja

Mume wangu alipokuwa hai nilimcheka kwa ajili ya maji yake. Katika nyumba tuliyopanga Newburg, kule Louisville, alikuwa amefunga mashine chini ya sinki, mashine ya kuchuja maji ya bomba mpaka yasibaki na kitu, si dawa, si chokaa, si harufu. Kisha aliyashusha besmenti, chumba cha chini ya nyumba, kwenye mchicha wake, na huko yakatiwa unga mweupe wa jasi na chumvi ya haluli. Nikamwambia, "Unayavua maji nguo, halafu unayavika tena."

"Nayavua ya watu," akasema, "nayavika yangu."

Hakutaka mbolea ya dukani wala dawa yoyote. Alipanda kwenye ndoo, katika makumbi ya nazi yaliyochanganywa na mboji ya maganda ya jikoni, chini ya taa za zambarau. Mbegu ilitoka kwa mama yake, aliyefia kambini Kigoma. Ilikuja Marekani ndani ya pindo la kitenge. Kama yuko mwingine aliyekuwa nayo, sisi hatukumjua. Aliniambia kwamba maji matupu huufanya mchicha uwe na njaa hata kama umeloa, na akaanza kunieleza kipimo cha ule unga. Alianza zaidi ya mara moja. Sikusikiliza. Nayaandika haya kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Alikufa Januari, ghalani kazini, amesimama, mkono juu ya sanduku. Moyo. Sasa ni karibu miaka kumi.

Sisi Warundi, siku za kwanza za msiba zikiisha, watu hukusanyika wakanawa mikono. Siku ile sebule ilijaa watu wa kanisa. Mchungaji alikuwa anaomba, wote wameinamisha vichwa, mimi macho wazi. Nikaona mwanga wa zambarau unatoka chini ya mlango wa besmenti na kutambaa kwenye zulia mpaka kwenye viatu vya watu. Nilijua ni ile saa ya kuwashia taa. Aliitega mwenyewe iwashe kila mchana saa nane. Nilijua, lakini mikono yangu ilikuwa ndani ya beseni na sikuweza kuitoa.

Kesho yake nilishuka. Nilikuwa na jambo moja tu moyoni: ule mchicha ufike kutoa mbegu, nimpe binti yangu na shemeji yangu, isiishie kwangu. Niliyamaliza maji aliyoyaacha tayari. Kisha nikajaza madumu yaliyokuwa wazi karibu na sinki, maji ya mashine peke yake. Baada ya siku kumi hivi majani yalipauka. Mishipa ilibaki kijani na nyama ya jani ikawa njano, kama mkono wa mgonjwa ukiushika kwenye mwanga. Kopo la unga lilikuwepo, limejaa, lakini bila maandishi. Nikatia kijiko kikubwa kwenye dumu. Ndoo nne ziliungua pembeni ya majani, zikalala. Zikabaki tano.

Sikuligusa kopo tena. Madumu ya karibu na sinki yalikuwa yananuka ule unga niliouzidisha, nikayatupa. Nikachukua mengine kwenye rafu ya besmenti, yaliyokuwa yamefungwa vifuniko. Yalikuwa kumi na moja, ya plastiki nyeupe kama maziwa. Nilijaza la kwanza kwenye mashine, nikashuka nalo, nikamwagilia. Nikafanya hivyo tena baada ya siku chache, kwa dumu lingine la rafuni. Majani yakaanza kurudi. Kwanza yale machanga ya juu, kisha yote.

Nikakinga maji ya mashine kwenye kikombe, nikayaonja. Yalikuwa bapa, kama ulimi umegusa kioo. Nikaonja ya kwenye dumu nililolijaza mimi mwenyewe kutoka mashine ileile. Yalikuwa na uchungu mdogo na chaki nyuma yake. Yalikuwa maji yake. Nilikaa kwenye ngazi na kile kikombe mpaka taa zikazimika zenyewe.

Sikumwambia mchungaji. Kusema kweli sikuogopa kama nilivyopaswa kuogopa. Nilianza kumsalimu nikishuka. Nilimweleza habari za watoto na za bili ya umeme. Kila nikijaza dumu lingine, naonja, na kila mara yuko.

Isipokuwa mara moja. Asubuhi moja nilimpa mzee wa kanisa koti la marehemu. Mchana dumu likaniponyoka kwenye ngazi, kifuniko kikatoka, nikalisuuza vizuri kabla ya kulijaza. Nilipoonja, maji yalikuwa bapa. Nikajua amechukia kwa sababu ya koti. Nililia kuliko siku ya maziko, na Jumapili nikaenda kumwomba yule mzee anirudishie. Alilivua palepale, mlangoni.

Machi binti yangu alikuja na gari kunichukua nikaishi naye. Yeye na mume wake walikuwa wamehamia Cheektowaga, nje kidogo ya Buffalo. Tulizifunika ndoo tano kwa blanketi. Nikachukua kopo, na madumu mawili yaliyobaki. Tulilala Columbus kwa shemeji yangu, mdogo wake marehemu, na asubuhi, tukinywa chai, nilimweleza yeye peke yake. Nilimwambia, "Kaka yako bado anatia unga kwenye maji."

Hakucheka. Alikwenda kwenye gari, akarudi na dumu moja, akaliinua kwenye dirisha na kuligonga kwa kidole. Kitu chepesi kikasogea kwenye kona ya chini, ndani.

"Shemeji, umesahau kambini?"

Nikakumbuka kabla hajamaliza. Mama zetu walitia dawa ya maji kwenye dumu tupu kabla hatujaenda bombani. Kifuniko kimoja. Ukichota, ukibeba, ukifika nyumbani yamekwisha changanyika.

"Mama alikuwa akisema njia ndiyo kijiko," akasema. "Kaka alifanya hivyohivyo. Nilimwona Krismasi."

Nilimkasirikia. Ilikuwa kama amekuja kuniambia mara ya pili kwamba mtu amekufa. Aliona, akanimiminia chai. Halafu akauliza nilikuta madumu mangapi. Nikamwambia.

"Kumi na moja?" Aliweka birika chini. "Krismasi yalikuwa matatu, ya juma moja. Nilimtania, nikamwambia shemeji atakufukuza na madumu yako. Hayo mengine yalikuwa ya nini?"

Marehemu hakuwa amelalamika hata siku moja. Hakuenda kwa daktari. Wiki ile ya mwisho alikwenda kazini kila shifti, akala, akalala.

Cheektowaga theluji ilikuwa bado imefika kwenye madirisha, na nyumba nzima ilikuwa nyeupe mchana kutwa, bila kivuli. Dumu lile aliloligonga shemeji nililitumia wiki ya kwanza. Mchicha ulikuwa umeanza kutoa mashuke, lakini mbegu ilihitaji wiki nyingine nne au tano, na mimi nilibaki na dumu moja tu. Shemeji alinipigia simu. Alisema nimwage unga ule kwenye sahani, niupime, basi nitajua.

Nililiacha siku tatu. Siku ya nne nikalifungua. Unga ulikuwa umegandia chini na kushika umbo la pale ulipodondoka siku aliyoutia, kijilima kidogo kilichoinama upande mmoja. Nilichukua kisu kirefu cha mkate, nikakivunja. Nikakung'uta juu ya sahani nyeusi ya binti yangu, nikakusanya kwa kijiko cha chai. Ilikuwa nusu kijiko. Nilipima mara tatu, kisha nikaurudisha wote ndani, nikajaza maji, nikamwagilia ndoo zote tano.

Mei mbegu zilikomaa, ndogo, nyeusi, zinang'aa. Nilizigawa katika bahasha tatu, na moja ikaenda Columbus.

Zangu nilizipanda tena. Jumamosi moja nilikuwa natia unga kwenye madumu, nusu kijiko, nafunga, naweka rafuni, na binti yangu akasimama mlangoni. Huwa ananijibu kwa Kiingereza. Siku hiyo aliuliza kwa Kiswahili.

"Mama, mbona mengi hivyo?"

Niligeuka kutazama rafu; ilikuwa imejaa kama ile yake. Nilikuwa nimekusudia kutia matatu.

Nikamwita aje karibu, nikamtia kijiko mkononi, nikamwambia aangalie kipimo.