Siku Niliyokuwa Dunia

Sipendi kulisema hili, na nikikutana na mtu wa Nyamuswa huwa naangalia pembeni, lakini kwa kuwa mmeshalisikia vibaya kwa wengine, bora mlisikie kwangu: mimi ndiye yule mwalimu aliyemwangusha Jua mbele ya wazazi.

Nilikuwa mwaka wa pili wa kujitolea, nafundisha jiografia sekondari ya huko, na siku ya wazazi bodi ya shule ingekuja kutuangalia mimi na mwenzangu Neema tukifundisha, kisha mmoja wetu aajiriwe. Nafasi moja, walimu wawili. Mada yangu ilikuwa jinsi dunia inavyojizungusha kwenye mhimili wake ulioinama. Tufe la shule lilishavunjika zamani, kwa hiyo Neema (ana roho nzuri, hilo siwezi kumnyima) akaniletea chungwa na kijiti cha mshikaki.

"Lichome katikati, liinamishe kidogo, zungusha. Basi."

Nikaona hayo ni mambo ya shule ya msingi. Chungwa nikalimenya, nikalila.

Dunia nitakuwa mimi mwenyewe, nikaamua. Nikabandika karatasi kifuani, DUNIA, kwa herufi kubwa, nikamwomba mwenyekiti wa bodi, Mzee Rajabu, muuza vitambaa wa Bunda, akae katikati ya ukumbi awe Jua, naye akakubali kwa heshima zote, kanzu nyeupe, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Nikawaambia wazazi kwamba pua yangu ni Bunda, mkono wa kushoto ni Serengeti, wa kulia ni Ziwa Victoria, nikiliangalia Jua ni mchana, nikilipa mgongo ni usiku. Nikainama upande kama nyuzi ishirini na tatu na nusu (kwa kukadiria tu), nikaanza kujizungusha. Kwa kulia.

Mzunguko wa tatu, mkulima mmoja wa pamba, Mama Bhoke, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Mbona jua linaanzia mkono wa ziwa? Sisi huku linatokeaga Serengeti, ziwani linazamaga."

Alikuwa sahihi kabisa. Ningesimama nikakiri kosa, nikageukia kushoto, yangeishia hapo. Lakini bodi ilikuwa inaniangalia, nikaona aibu, nikajibu huku nazunguka, "Hii ni Zuhura, mama. Yenyewe inajizungusha kinyume."

"Lakini umejiandika Dunia."

Ukumbi mzima ukacheka, nami nikageuka ghafla kushoto ili nirekebishe, bado nimeinama, na kichwa kikaendelea kuzungukia kulia peke yake. Nilipotambua niko wapi, nilikuwa juu ya Mzee Rajabu, kiti kimevunjika mguu, na chai (bahati nzuri ilishapoa) yote iko kwenye kanzu. Hakuumia. Alijifuta taratibu, akaniangalia.

"Mwalimu, na hili nalo linatokeaga kila mwaka?"

Kazi alipewa Neema. Iliniuma, siwadanganyi, na iliniuma zaidi alipokuja kunipa pole akiwa na chungwa jingine.

Siku hizi nafundisha masomo ya ziada kijijini kwetu Buswahili, na kila nikiifikia mada ile nanunua machungwa mawili. La kwanza nalila kabla sijaingia darasani. La pili siligusi kwa meno, hata njaa iniume vipi.