Ramani Katikati ya Skrini

Baba mdogo Alois aliponiomba nimtafutie adoni ya kuhamisha ramani kutoka kwenye kona ya skrini na kuileta katikati, sikuona ajabu. Kila mchezaji ana namna yake. Nilianza kuogopa pale alipotaka mistari ya uhai, ile inayoonyesha mhusika amebakiwa na nguvu kiasi gani, nayo iletwe hapo hapo, kisha begi, kisha majina ya wenzake, mpaka kona zote nne zikabaki tupu.

Adoni ni programu ndogo zinazowekwa juu ya mchezo wa mtandaoni ili kubadili kinachoonekana: ramani iwe kubwa, maandishi yawe mekundu, kengele ilie. Mchezo wenyewe ni wa aina ile ambayo mtu anaumba mhusika wake, anampa silaha na jina, kisha anaingia naye katika nchi ya kubuni iliyojaa watu wasiojuana. Mhusika wa Alois alikuwa mbeba ngao, yule anayetangulia mbele ya jitu na kupigwa ili wenzake wasalimike. Alimpa jina la Mlangali, kijiji alichozaliwa huko Ludewa.

Alois ni mdogo wake baba yangu. Alikuja Makambako akiwa kijana, akatafuta kazi ya mbao, akamwoa mama mdogo Tereza, na hajaondoka tena. Mikono yake ina vidole vyote kumi, na kwa mpasuaji wa dingdong hilo ni jambo la kusimuliwa. Dingdong ni zile mashine ndogo za kupasulia magogo zilizotapakaa mkoa mzima: meza ya chuma, msumeno wa duara uliochomoza katikati yake, na injini inayonguruma kiasi kwamba anayetaka kusema neno lazima aliseme kwa mikono. Mpasuaji anasukuma gogo upande huu. Mpokeaji anasimama upande wa pili, kushoto kidogo, ili banzi likirushwa lisimkute kifuani. Mpokeaji akiinua mkono uliokunjuliwa, maana yake ni moja tu: simama. Gogo lina msumari ndani, au limebana, au nguo yangu imenaswa.

Na mpasuaji aliyeiva hageuzi kichwa. Mgeni ndiye anayegeuka kila mara kumtafuta mwenzake. Aliyeiva hukaza macho kwenye meno ya msumeno, na mkono wa mpokeaji huuona kwa pembe ya jicho. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa ya baba mdogo. Hata wauza chai walio karibu na kiwanda walikuwa nayo mdomoni. "Alois hageuki," walisema, kama watu wengine wanavyosema fulani ana nyumba ya ghorofa.

Mpokeaji wake alikuwa Shedrack, Mbena wa Njombe, mtu wa mizaha na sauti kubwa. Yeye ndiye aliyemwingiza kwenye mchezo. Masika moja malori yalikwama msituni, magogo hayakufika, mashine zikanyamaza, na wale wawili wakahamia dukani kwangu. Mimi nina steshenari karibu na kiwanda. Nachapa barua, natoa nakala, najazia watu maombi ya vyuo, na chumba cha nyuma nina kompyuta chache. Alois akanunua yake iliyotumika akaiacha humo humo, kwa sababu mtandao wangu haukatiki ovyo. Ndani ya mchezo Shedrack alikuwa mganga, kazi yake kumponya mbeba ngao anapopigwa. Alisimama nyuma ya Mlangali, kushoto kidogo, vile vile alivyozoea kusimama kazini.

Maelezo ya adoni huwa kwa Kiingereza, marefu, na chini yake kuna maoni ya watu wanaobishana. Alois hakuwa na subira nayo. Mimi napenda kusoma, kwa hiyo kazi ya kuchagua ikawa yangu.

"Hii inafanya nini?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Inakuwekea mshale wa kukuonyesha pa kwenda, baba mdogo."

"Nina akili zangu. Toa. Na hii?"

"Inapanga vitu vya begi."

"Hiyo iache. Tereza akiona begi langu lilivyo, hata la kwenye mchezo, atanisema."

"Na hii inakuonya jitu likitaka kupiga."

"Inaonya kwa kitu gani?"

"Maandishi. Yanatokea hapa juu, kulia."

"Haina sauti?"

Nikamtafutia yenye sauti. Alifuata kanuni moja: msumeno wenye meno mengi kupita kiasi unaunguza mbao badala ya kukata, na adoni ni hivyo hivyo. Aliacha chache, akafuta zilizobaki, na kompyuta yake ikawa nyepesi kuliko ya Shedrack, aliyepakua kila alichokiona mpaka skrini yake ikafanana na ukuta wa kampeni.

Ilikuwa baadaye ndipo maombi yalipobadilika. Ramani katikati. Mistari ya uhai katikati, minene zaidi. Shedrack alimcheka.

"Kaka, umepigwa na moto tena! Ulikuwa pembeni yako kabisa. Umesimama tu kama nguzo ya umeme."

"Niponye, acha maneno."

"Nakuponya. Lakini dawa yangu siyo maji ya kisima, Mpangwa wewe."

Nilicheka nao. Kisha nikamletea Alois chai, nikaiweka kando ya kibodi kama kawaida, na mkono wake ukaja ukakigonga kikombe, chai ikamwagika. Siku nyingine pia. Mara ya tatu nikaweka kikombe mbele yake, karibu na kipanya, na chai haikumwagika. Sikutaka kuyawaza niliyoyawaza.

Alipoondoka nikakaa kwenye kiti chake. Kila kitu kilikuwa kimekusanyika katika duara moja katikati ya skrini, na nje ya duara hilo ilikuwa nchi tu: majani, mawe, giza la msitu, hakuna alama hata moja. Mtu mwenye macho mazima angezibwa na ule msongamano, asione hata adui aliye mbele yake. Nilipokaza macho kwenye duara nikahisi natazama kupitia bomba.

Bibi, mama wa baba yangu na Alois, alimalizia maisha yake kwetu Njombe, na mimi ndiye niliyekuwa nikiota moto naye. Alikuwa na presha ya macho. Hakuwahi kulalamika kwamba jicho linamuuma. Ukikaa mbele yake alikuona, akalisifu gauni lako. Ukisogea kando hatua moja aliuliza umeenda wapi. Tulidhani ni uzee. Kisha ile nafasi ya mbele nayo ikaanza kupungua, taratibu, kama mlango unaofungwa na mtu asiye na haraka.

Wiki ile kiwanda kilikuwa kimefungwa. Walikuwa wanafunga mashine mpya iliyoletwa kwa lori kutoka Njombe, yenye kasi mara nyingi kuliko ile ya zamani. Ingewashwa Jumatatu. Tajiri, mwenye kiwanda, alishatangaza mbele ya wafanyakazi wote kwamba haitaguswa na mtu kabla ya Alois.

Jumamosi mchana alikuja peke yake. Upepo wa Makambako ulikuwa unapiga bati, ikabidi aseme kwa sauti.

"Rosemary, nitafutie nyingine. Ya kunilia kengele Shedrack akiinua mkono."

Nilikuwa nimeshaanza kuandika kwenye sehemu ya kutafutia. Vidole vikasimama.

"Kwenye mchezo Shedrack hainui mkono, baba mdogo."

Alikuwa anatazama mbele, kwenye skrini, na mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya meza, imetulia.

Mimi si mtu wa kusema na wakubwa. Hata mtu akinipita kwenye foleni huwa nanyamaza. Lakini nilisikia sauti yangu, ndogo, ikisema: "Pembeni huoni."

"Nani kakwambia?"

Nikaonyesha duara. "Hii hapa."

Alilitazama muda mrefu, kana kwamba hakuwa yeye aliyelitaka.

"Mbele naona vizuri," alisema. "Naona jino moja moja likiwa linazunguka."

"Shedrack hasimami mbele."

"Namjua Shedrack. Najua atainua mkono kabla hajainua."

"Na akinaswa nguo? Utajua?"

"Mama alikuwa mzee, Rosemary. Mimi sijawa mzee." Akashusha sauti mpaka upepo ukakaribia kuimeza. "Tajiri ameniita mbele ya watu. Niache niiwashe kwanza. Ikishazoeleka nitasema mwenyewe. Usimwambie mtu."

Sikumwahidi. Alingoja nimwahidi, kisha akaondoka, na mlangoni bega lake la kushoto likagonga fremu.

Jumapili baada ya misa Shedrack alitangulia kufika. "Kamwene, mwalimu!" aliita kwa salamu ya Kibena, ingawa sijawahi kufundisha. Akatupa kofia yake juu ya mashine ya nakala na kuelekea kwenye kompyuta yake.

"Kaa kwenye ya baba mdogo," nilisema. "Utazame tu."

Alikaa akicheka. Skrini ilipowaka akacheka zaidi. "Mbona amevisonga vitu vyote hapa, kama vifaranga walioona mwewe? Mtu anachezaje hivi? Huku kote kutupu, adui akija..." Akaweka kidole kwenye kona ya kushoto ya skrini, mahali palipokuwa na giza la msitu tu. Akakiacha hapo. Kicheko kiliisha chenyewe.

"Moto ule," alisema. "Siku zote ulikuwa unatokea kushoto."

Aliutazama mkono wake mwenyewe, akaugeuza, akaukunja na kuukunjua.

"Mwezi uliopita gogo lilibana, nikainua mkono mpaka bega likawaka. Aliendelea. Likajiachia lenyewe." Akaukunja tena ule mkono. "Mimi nikawaambia watu, mnamwona Alois? Alijua litajiachia."

Alois akaingia. Alikuwa amevaa koti la kanisani na alikuwa na furaha, au alijitahidi. Akakaa kwenye benchi, nikampa chai mkononi. Akaanza kusimulia jinsi tajiri alivyomwonyesha swichi za mashine mpya, jinsi msumeno wake ulivyo mwembamba, jinsi unavyopita ndani ya gogo bila kutetemeka. Shedrack aliinuka polepole, akazunguka, akasimama upande wa pili wa benchi. Kushoto kidogo. Kwa umbali ule ule wa kazini.

Akainua mkono.

Alois aliendelea. Alisema habari ya mafuta, ya mkanda, ya vijana watakaopanga mbao. Mkono ulikuwa juu, umekunjuliwa, vidole vimeachana. Alikunywa chai. Alisema tajiri alimpiga begani. Mkono ulikuwa juu bado. Nilitamani sana Alois anyamaze, au kitu kidondoke, au mteja abishe hodi.

"Shedrack kaenda wapi?" aliuliza hatimaye.

"Nipo hapa, kaka. Nimeinua mkono tangu uanze habari za tajiri."

Ndipo Alois alipogeuka. Aligeuza kichwa chote, na shingo, na bega, mpaka akauona ule mkono. Sikuwahi kumwona akigeuka namna hiyo. Alionekana mgeni.

"Ushushe," alisema.

"Kesho usiiwashe."

"Ushushe mkono, Shedrack."

"Mimi kesho sikupokelei."

"Wapo wengine wa kupokea."

"Wapo," Shedrack alisema. "Na hawajui."

Alois aliweka kikombe sakafuni, kwa uangalifu, katikati ya miguu yake. Akatoka bila kuaga. Tulimtazama akivuka barabara. Lori la mahindi lilimpigia honi ndefu kutoka ubavuni, na hakuharakisha wala kupunguza mwendo.

Jumatatu asubuhi nilifungua duka mapema, sikuwasha taa. Upepo ulikuwa umetulia, na utulivu ule sikuupenda. Nikapiga simu ya mama mdogo Tereza, haikupokelewa. Kisha mashine mpya ikaunguruma, sauti nyembamba kuliko ya zamani, inayokwenda mpaka kwenye meno. Nikashika meza. Gogo la kwanza likaingia. Niliijua kazi ya Alois kwa masikio: kuzama mara moja, kutoka mara moja, mfululizo, bila kupumua.

Huyu alikata kidogo, akasita. Akakata, akasita tena. Ilikuwa kazi ya mtu anayegeuka kila mara kumtafuta mwenzake.

Nilikuwa bado nimesimama hapo mama mdogo alipopiga. Nyuma yake palikuwa na kelele za stendi.

"Tuko Njombe, ukungu mtupu. Tunatafuta gari la Ikonda, hospitalini. Mwenzangu amekaa tu, hasemi. Ila ameniagiza nikwambie uifunike kompyuta yake, vumbi la mbao lisiingie."

Walirudi na dawa ya matone. Ilikuwa ile ile ya bibi. Daktari alimwambia kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa, asipoacha dawa, na hata hapo hakumwahidi sana. Mashine anaiendesha Shedrack. Wauza chai wanamwita mgeni kwa sababu anageuka, naye anawaacha waseme. Alois wanamsimulia kama mtu aliyestaafu kwa heshima, na yeye hajawasahihisha.

Bado anakuja kucheza. Jana alikaa, akavaa vipokea sauti vya masikioni, akazungusha kichwa taratibu kushoto na kulia kama alivyofundishwa hospitalini. Shedrack alikuwa kwenye kompyuta ya jirani.

"Rosemary," Alois aliita. "Lile duara. Lisogeze ndani kidogo."

"Kiasi gani, baba mdogo?"

"Kidogo tu."

Nikalisogeza. Ramani ikapanda juu ya mistari ya uhai, majina yakagusana. Shedrack alitazama skrini ile, akanitazama mimi, na hakutoa mzaha wowote.