Mimba Aliyoificha Mwanafatuma

Mwanafatuma binti Boga alikuwa kibarua wa kukata miwa karibu na Ramisi, katika shamba la tajiri ambaye hakuna mfanyakazi aliyewahi kumwona. Waliyemwona kila alfajiri ni nyapara, Bwana Sanga. Yeye ndiye aliyechagua nani akate na nani arudi nyumbani, na mwenye mimba hakuchaguliwa. Kwa hiyo Mwanafatuma, aliyekuwa na mimba ya mtoto wa tatu, alijifunga leso tumboni kwa nguvu, akavaa juu yake shati kuukuu la mumewe, akamwomba Mungu asitapike mbele za watu.

Kabla ya mvua za masika alikuja Caroline, mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka Nairobi, aliyekuwa akitafiti usawa kazini. Alimwamkia Mwanafatuma shikamoo, akaketi mkekani kwake, akasikiliza. Mwanafatuma akajikuta amesema:

"Wako wanaojifunga tumbo kwa leso ili waitwe kazini." Mara akashtuka. "Mwanangu, jina langu lisitoke."

"Halitatoka, Mama Tofiki," Caroline alimjibu, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Na kweli halikutoka. Lakini Caroline aliporudi kuwasomea vibarua matokeo ya utafiti wake, katika darasa la shule ya msingi, Bwana Sanga naye alikuja, akakaa mbele. Caroline akayasoma maneno yale yale, bila jina. Sanga akageuka polepole kitini, akawatazama wanawake matumboni, mmoja baada ya mwingine. Mwanafatuma alihisi leso ikimkaba hata pumzi zikawa haba. Macho yale yakampita, yakatua kwa Menza, jirani yake, ambaye alikuwa amenenepa tu.

Asubuhi Menza hakuitwa.

"Nimekosa nini, Bwana Sanga?"

"Kamuulize mgeni wenu wa Nairobi."

Menza akashika njia analia. Mwanafatuma aliingia kwenye miwa na wenzake, lakini mawazo yake hayakuwa kazini; panga likamponyoka, nusura limkate mguu. Aliogopa njaa. Aliogopa mumewe, Zahoro, atasema nini. Tena aliogopa kukutana na Menza kisimani. Akaliacha panga pale chini, akaenda alikosimama Sanga.

"Menza hana mimba," alimwambia. "Mwenye mimba ni mimi."

Sanga akauliza: "Na aliyemwambia yule msichana?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Akaumeza.

"Ni mimi."

"Basi nenda nyumbani."

Menza aliitwa tena wiki ile ile, kwa kuwa miwa ilikuwa mingi na mikono michache. Mwanafatuma hakuitwa msimu wote. Caroline alipopata habari alipiga simu akilia, akaomba radhi, akasema atayafuta maneno yale.

"Usiyafute," Mwanafatuma alimjibu. "Ni kweli. Lakini usiyasome tena huku kwetu."

Zahoro hakugomba. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, wakamwita Bushra, na Menza alimletea mzazi uji kila asubuhi mpaka arubaini ikaisha.

Sasa msimu mwingine wa kukata umeanza. Menza humwambia aende tu kwa Sanga, akajaribu. Kila siku Mwanafatuma hujibu kwamba atakwenda kesho.