Mwisho Nilioutunga Mbele ya Ngoma

Nilikuwa kidato cha tatu, kichwa kimejaa wafalme. Kila siku baada ya vipindi nilijaza kaunta buku langu: farasi wanaoongea, mfalme amekufa, kiti kinagombewa na mwanawe na mpwa wake. Wasichana wa darasani walinyang'anyana kurasa, nami nilivimba kichwa, nasema ukweli.

Mwaka huohuo mjomba wangu, mtemi wetu pale Samuye, alifariki. Utemi wa siku hizi hauna kodi wala askari, ni heshima tu, lakini jaribu kuugusa uone. Kwa desturi yetu ya zamani kiti humwendea mtoto wa dada. Banang'oma, wazee wanaomchagua mtemi, humteua kwa siri, kisha humkamata ghafla, mwenyewe hana habari. Ila mtoto wa marehemu, mnunuzi wa dhahabu huko Geita, alikitaka kiti cha baba yake na wala hakuficha.

Mama yangu ndiye dada wa marehemu. Siku moja nachambua matembele nje ya dirisha, nikamsikia mzee mmoja akimwambia ndani kwamba wamemchagua kaka yangu, aliyekuwa Nkome, kando ya ziwa, kwenye biashara ya dagaa. Wangemkamata akija kwenye arobaini. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi, mjinga wa kutupwa, nilinyamaza kwa mdomo, nikaropoka kwa kalamu. Niliandika mpwa anayeanika samaki ziwani, na wazee wanaomvizia akija matangani. Niliona hadithi imenoga kwelikweli.

Haikupita wiki, kaunta buku likawa mkononi mwa binamu yangu wa Geita. Mdogo wake wa kike alisoma nami darasa moja. Binamu alilitupa mbele ya wazee, uani kwa marehemu, ngoma ya utemi ikiwa katikati, akasema shangazi yake ametoa siri ya banang'oma. Mama alikaa kwenye mkeka, haniangalii. Mwanamke wa ukoo akitoa siri ile haitwi tena kwenye jambo lolote, hata msiba.

Mzee mkubwa aliniuliza nani aliniambia. Nilipiga goti, nikasema nimetunga mwenyewe.

"Umetunga," alisema taratibu. "Basi tumalizie. Nani anakaa kwenye kiti?"

Nikisema mpwa, watajua nilisikia, na mama kwisha habari yake.

"Mpwa anakikataa kiti, anarudi ziwani," nilisema. "Anakaa mwana wa mfalme."

Binamu alisimama hapohapo. Alisema wote wamesikia, nyumba ya dada imekataa kwa kinywa chake, mbele ya ngoma. Wazee walitazamana. Neno lililosemwa mbele ya ngoma ile halirudishwi, na hilo mimi, bingwa wa kuandika viti vya enzi, sikulijua. Mama alisafishwa jina, maana mwisho wangu haukufanana na siri yao. Binamu akasimikwa.

Njiani kurudi nyumbani mama alisema mara moja tu, "Umeniokoa mimi, umemuuza kaka yako."

Siku hizi naandika vitabu vya vijana, na kaka, ambaye bado yuko Nkome na dagaa wake na hajawahi kuambiwa siri ile, huvisoma vyote. Juzi alinipigia simu, anacheka, akauliza mbona kwenye vitabu vyangu mpwa hapati kiti hata siku moja. Nilimjibu kwamba hadithi ndivyo zinavyokuja. Aliamini, akaniuliza bei ya mchele huku.