Moshi wa Tanuri la Chokaa

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, mwanangu, nje kidogo ya Mbeya, nilipokuwa kijana katika kiwanda cha kuchoma chokaa. Tulikuwa watatu. Atupele alisomea kemia, Lusajo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, nami, mtu wa Iringa, nilikuwa nikilijaza tanuri mawe. Moshi wake uliteremkia nyumba za jirani, na huko mama yake Atupele alikohoa mwaka mzima.

Atupele alituambia kwamba moshi ule una hewa ukaa, na ukiipitisha kwenye maji ya chokaa hutua unga mweupe wa kutengenezea chaki na rangi, na moshi wa kuwafikia majirani hupungua. Lusajo akaunga bomba kutoka tanurini hadi kwenye pipa la maji hayo. Mimi nililijua tanuri lilivyopumua. Bomba liliziba, pipa likapasuka, tukacheka, tukaanza upya. Wazo la mmoja likazaa la mwenzake, hata hukujua lilianzia kwa nani. Asubuhi ile ya baridi unga ukatua, laini kama wa muhogo.

Meneja akaja, akaushika, akauliza, "Wazo hili ni la nani?"

Swali dogo, lakini lilitumaliza. Atupele alisema ni lake. Lusajo akasema bila bomba lake lingebaki maneno matupu. Nilijaribu kuwasuluhisha, kila mmoja akaniona wa upande wa pili.

Mzee Kalinga, msimamizi wetu, aliwaita. "Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema taratibu. "Nyie mnagombea mtoto hata kutambaa hajaanza."

Hawakumsikia. Lusajo aling'oa bomba, akaenda Chunya kutafuta dhahabu. Atupele alijaribu na mafundi wengine. Hawakumwelewa, naye hakuwa na subira nao. Masika yaliyofuata tulimzika mama yake. Lusajo hakuja.

Juzi nilipita pale. Moshi bado unateremkia nyumba zile, na wajukuu wa waliokohoa wanakohoa. Zamani niliamini jambo jema halipotei. Linapotea, mwanangu, na haliachi hata alama.

Basi shika hili, ingawa sijui kama litafaa kitu. Ukiulizwa wazo ni la nani, sema "letu", useme upesi, kabla moyo haujaanza kupima. Mkikosana, rudianeni mapema, maana kuna watu wanaumwa wakiisubiri kazi yenu.

Mungu akupe wenzako wa kweli, akupe na moyo wa kuwavumilia. Akukinge na upweke wa mwenye haki aliyebaki peke yake.